Tusome Magofu ya Pwani



Hapa Igogwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Nyumba ya miti na udongo ikiachwa bila mtu, haikai sana. Kwanza paa huvuja. Kisha ukuta hulowa, huinama na kuanguka. Baada ya miaka michache utaona migomba tu, na migomba hiyo ndiyo itakayokuambia kwamba hapa palikuwa na kaya.

Kule pwani mambo ni tofauti. Yapo majengo yaliyoachwa zaidi ya miaka 500 iliyopita, na kuta zake bado zimesimama. Jengo la namna hiyo, lililohamwa likabaki kuta, huitwa gofu. Yakiwa mengi huitwa magofu. Katika somo hili tutaeleza magofu ya pwani yetu ni nini, nani waliyajenga, mtu wa Rungwe anapata faida gani akienda kuyatazama, na afanye nini ili yasipotee.

Watu husafiri mbali kutazama magofu

Kila mwaka watu wengi wa Ulaya wakipata likizo huenda katika nchi zilizo kando ya Bahari ya Mediterania. Hiyo ni bahari iliyo kati ya Ulaya na Afrika ya Kaskazini. Huenda Italia, Ugiriki, Uturuki, Misri na Tunisia. Huko huoga baharini, hutembea katika miji mizuri ya pwani, na hutazama magofu ya watu wa kale.

Huko Italia kuna gofu la mji mzima. Mji huo uliitwa Pompeii. Mwaka 79 mlima Vesuvius ulilipuka na kuufunika kwa majivu. Kazi ya kuufukua ilianza mwaka 1748. Leo mgeni anapita katika barabara zake, anaona maduka, anaona majiko ya kuokea mikate, na hata maandishi ya ukutani. Sisi tunaoishi karibu na mlima Rungwe, ambao nao ni volkano, tunaweza kuielewa habari hiyo upesi.

Lakini wewe huna haja ya kuvuka bahari kwenda Italia. Pwani ya Afrika Mashariki ina miji mikongwe na magofu mengi. Kenya kuna Lamu na Gedi. Zanzibar kuna Mji Mkongwe. Tanzania Bara kuna Kaole, Bagamoyo, Mikindani, Songo Mnara na Kilwa. Mwaka 1981 shirika la UNESCO liliandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maana yake ni kwamba ulimwengu wote umekubali kuwa mahali hapo ni pa thamani kubwa.

Kilwa ulikuwa mji gani?

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo katika Mkoa wa Lindi. Kiko karibu na mji wa Kilwa Masoko, ukivuka maji kidogo tu. Leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima. Lakini miaka 700 iliyopita ulikuwa mji mkubwa wa biashara.

Utajiri wa Kilwa ulitokana na kazi ya kati. Dhahabu ilichimbwa mbali kusini, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Ilishushwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Kutoka Sofala ilipelekwa Kilwa kwa vyombo vya baharini. Pembe za ndovu nazo zilitoka bara. Kutoka ng'ambo zilikuja nguo, shanga, na vyombo vya udongo vilivyong'arishwa, vingine kutoka Uajemi na vingine kutoka China. Kilwa ilikusanya, ikauza, ikatoza ushuru.

Mji huo ulitengeneza hata sarafu zake wenyewe za shaba. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Fikiri jambo hilo. Kipande kidogo cha shaba kinaonyesha kwamba watu wa pwani na watu wa bara walikuwa wakifanya biashara zamani sana, kabla ya reli, lori wala simu.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri mmoja kutoka Moroko, jina lake Ibn Battuta. Alikuwa ameona miji mingi ya dunia. Alipoandika habari za safari yake, aliitaja Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri.

Mwaka 1505 Wareno walikuja na merikebu za vita wakauteka mji. Wakaishika pia Sofala, ilikotoka dhahabu. Mfereji wa biashara ukiukata juu, shamba la chini hukauka. Kilwa ilianza kufifia, ingawa iliinuka tena kwa muda katika karne ya 18.

Nani waliyajenga?

Hili ni swali kubwa. Wakati wa ukoloni wasomi wengi walisema kwamba miji hii ilijengwa na wageni, na kwamba Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Watoto walifundishwa hivyo shuleni. Je, ni kweli?

Hadithi ya kale ya Kilwa inasema alikuja mtu kutoka Shiraz, nchi ya Uajemi. Akakinunua kisiwa kwa nguo nyingi kutoka kwa mtawala aliyekuwapo. Sikiliza vizuri hadithi hiyo. Hata yenyewe inasema palikuwa na mtawala na watu kabla ya mgeni kufika.

Wataalamu wa kufukua mambo ya kale walichimba Kilwa katika miaka ya 1960. Chini ya majengo ya mawe walikuta dalili za nyumba za miti na udongo na vyungu vya kienyeji. Huko Shanga, kisiwa cha Pate nchini Kenya, wachimbaji wa miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti, mmoja chini ya mwingine, tangu karne ya 8. Basi mji haukuletwa na merikebu ukiwa tayari. Ulianza kama kijiji, ukakua.

Mwaka 2023 ulitolewa utafiti mwingine. Wataalamu walipima mifupa ya watu 80 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani. Walikuta kwamba wengi walikuwa na damu mchanganyiko. Upande wa akina mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika. Upande wa akina baba, wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo jibu la kweli ni hili: wageni walikuja, wakaoa, wakawa wenyeji, lakini mji na lugha vilikuwa vya hapa.

Lugha ni ushahidi ambao unao wewe mwenyewe mdomoni. Kiswahili husema mtu, Kinyakyusa husema umundu. Kiswahili husema nyumba, Kinyakyusa husema inyumba. Lugha hizi ni ndugu. Aliyejenga Kilwa hakuwa mtu wa mbali nasi kama tulivyodhani.

Jinsi ya kusoma gofu

Asiyejua kusoma akipewa kitabu huona alama nyeusi tu. Vivyo hivyo asiyejua kutazama gofu huona mawe tu. Ukifika, tazama mambo haya matano.

Kwanza, tazama jiwe lenyewe. Si jiwe kama letu la volkano. Ni tumbawe, jiwe linalotokana na wadudu wa baharini. Utaona vitundu na alama kama maua. Tumbawe lililotolewa majini likiwa bichi ni laini. Fundi alilichonga mapambo ya milango kabla halijakauka na kuwa gumu.

Pili, tazama kilichoyashika mawe. Hapakuwa na saruji. Palikuwa na chokaa. Mafundi walipanga lundo kubwa la kuni, wakaweka vipande vya matumbawe juu, wakachoma. Matumbawe yaliyoungua yaligeuka chokaa, ikachanganywa na mchanga na maji.

Tatu, pima upana wa vyumba kwa hatua zako. Utaona vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba. Mara nyingi upana hautimii mita 3. Sababu yake ni boriti za mikoko zilizoshika dari. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Fundi wa leo akikata mabati hufuata hesabu ya namna hiyo hiyo.

Nne, katika msikiti tafuta kibla, yaani ile sehemu ya ukuta iliyoingia ndani, ambapo imamu husimama. Kutoka pwani yetu Makka iko kaskazini. Basi ukiona kibla, umejua kaskazini ni wapi.

Tano, tazama chini, lakini usiokote. Utaona vigae vidogo vyenye rangi ya kijani au buluu. Hivyo ni vipande vya mabakuli yaliyovuka bahari.

Huko Kilwa Kisiwani usiache kuuona Msikiti Mkuu. Ulianza kujengwa karibu miaka 900 iliyopita, ukaongezwa sana katika karne ya 14 kwa nguzo na kuba za mawe. Tembea pia mpaka Husuni Kubwa, jumba la sultani lililojengwa juu ya ukingo wa bahari katika karne ya 14. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Kisha tazama Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya baadaye na Waarabu wa Oman.

Lakini kumbuka: gofu halisemi yote. Watu wengi wa Kilwa walikaa katika nyumba za miti na udongo kama za babu zetu. Nyumba hizo zimekwisha, la sultani limebaki. Aliyebeba mawe hakuachiwa jengo lenye jina lake.

Sehemu yenye uchungu

Safari ya pwani si ya kufurahi tu. Kaskazini ya Kilwa Masoko uko mji mwingine, Kilwa Kivinje. Katika karne ya 19 huu ulikuwa bandari kubwa ya watumwa. Wengi wao walitoka pande za Ziwa Nyasa, ziwa hili hili ambalo ndugu zetu wa Kyela huvua samaki. Walitembea wamefungwa shingo mpaka pwani. Waliochoka waliachwa njiani.

Hata karibu na sisi biashara hiyo ilifika. Mwaka 1887, karibu na Karonga katika Malawi ya leo, watu wa mfanyabiashara Mlozi waliwashambulia Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa.

Bagamoyo nako, kiasi cha kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilifikia. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mwaka uliofuata, 1874, Chuma na Susi pamoja na wenzao walifika Bagamoyo wakiwa wamebeba maiti ya Livingstone. Walikuwa wameibeba zaidi ya kilomita 1,500. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861. Karibu na Bagamoyo yapo magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi ya mawe yenye minara.

Mtu akisimama Kilwa Kivinje na kuitazama bahari, anasimama pale ambapo huenda mtu wa ukoo wake alisimama kwa mara ya mwisho katika nchi hii. Ni vizuri kwenda na kukumbuka.

Matayarisho ya safari

Utasema, "Mimi mkulima wa chai na ndizi nitapata wapi nauli?" Tufanye hesabu. Darasa lina watu 20. Kila mmoja akiweka shilingi 2,000 kwa wiki, darasa litapata shilingi 40,000 kwa wiki. Kwa wiki 50 zitakuwa shilingi 2,000,000. Wote 20 hawawezi kwenda kwa fedha hiyo. Lakini mkituma watu 5, wanawake na wanaume, kila mmoja atakuwa na shilingi 400,000. Chagueni wale ambao watarudi kusimulia. Kila mjumbe achukue daftari na kalamu. Mwaka ujao waende wengine.

Njia ni hii: Tukuyu, Mbeya, Iringa, Morogoro, Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa Masoko ni kiasi cha kilomita 300. Mto Rufiji huvukwa kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Msiende wakati wa masika. Mwezi Mei 2024 mvua kubwa iliikata barabara hiyo. Miezi ya Juni mpaka Septemba ni mizuri, tena majani ni mafupi na kuta huonekana vizuri.

Mkifika Kilwa Masoko, nendeni kwanza kwenye ofisi inayosimamia magofu mkapate kibali. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Mwombeni mtembeza wageni, kwa sababu yeye anajua mengi. Kisha mtavuka kwa mashua. Msikubali mashua iliyojaa kupita kiasi, na kila mtu avae jaketi la kujiokoa.

Pwani kuna joto kali. Sweta ya Igogwe iacheni kwenye begi. Chukueni nguo nyepesi za heshima, kwa maana mtapita katika kijiji cha Waislamu na katika misikiti ya kale. Wasalimuni wazee kwanza. Jambo kubwa zaidi ni malaria, ambayo pwani iko nyingi. Laleni ndani ya chandarua. Mtu akipata homa safarini, au wiki chache baada ya kurudi, aende hospitali upesi akapimwe, na aseme kwamba alikuwa pwani.

Usichukue jiwe

Magofu yana maadui. Bahari hula ukingo wa kisiwa. Mvua huingia kwenye ufa. Mizizi ya miti hupasua kuta. Lakini adui mwingine ni mtu. Watu wamebeba mawe ya kale wakajengea. Makaburi mengi ya pwani yalipambwa kwa mabakuli ya China. Mabakuli mengi yameng'olewa, na leo yamebaki matundu ya mviringo tu.

Mwaka 2004 UNESCO ilitangaza kuwa magofu ya Kilwa na Songo Mnara yamo hatarini. Kazi ya kuyatengeneza ikafanyika, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha ya hatari. Hivyo tunajua kwamba uharibifu unaweza kuzuiwa. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, Zanzibar, sehemu ya jumba maarufu la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ilianguka na kuua watu. Hivyo tunajua pia kwamba ukichelewa, jengo halikungoji.

Basi ukienda, usipande juu ya kuta. Usiandike jina lako. Usichukue kigae hata kimoja. Utasema kimoja si kitu. Wakija watu 1,000, kila mmoja na kimoja chake, mjukuu wako atakuta mchanga. Kitabu kilichochanwa kurasa hakisomeki tena.

Anzeni nyumbani

Wazee wetu wa Rungwe walijenga nyumba safi za mianzi. Mianzi haikuacha magofu. Je, maana yake hatukuwa na historia? Sivyo. Maana yake ni kwamba historia yetu imo katika vichwa vya wazee, na vichwa hivyo navyo haviishi milele.

Yapo pia majengo ya karibu. Misheni ya Rungwe ilianzishwa na Wamoraviani mwaka 1891. Mji wa Tukuyu Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Kabla ya kwenda Kilwa, wewe unayejua kusoma na kuandika mwendee bibi au babu mmoja. Mwulize nyumba ilijengwaje zamani, mianzi ilikatwa wapi, nani alipaka udongo. Andika majibu katika daftari, weka tarehe. Daftari hilo halitalowa kama ukuta ulioachwa, mradi ulitunze.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Gofu ni nini? Kwa nini pwani kuna magofu mengi kuliko Rungwe?
2. Kilwa ilipataje utajiri? Kwa nini ilififia?
3. Ni ushahidi gani unaoonyesha kuwa miji ya pwani ilikuwa ya watu wa hapa?
4. Darasa lenu lina watu wangapi? Mkiweka shilingi 1,500 kila mmoja kwa wiki, mtapata kiasi gani kwa wiki 40?
5. Chagueni mzee mmoja wa kijiji. Nani ataandika habari zake, na lini?